Homa za Makaa na Wivu wa Mama Pembe

Katika chumba cha kukunjia mashuka cha kiwanda cha udobi, mwanamke mmoja aliitwa Mama Pembe, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. "Pembe kwa pembe!" ndilo neno alilowapigia wenzake tangu asubuhi rola ya pasi inapopata moto hadi jioni inapopoa. Shuka lililokunjwa upande halikutoka mlangoni. Lilirudi mezani, likafunguliwa, likakung'utwa, likaanza upya. Kiwanda kilifua mashuka ya mahoteli na ya hospitali, na yeye alikuwa amekunja mengi kiasi kwamba kiganja chake peke yake kilijua lipi limetoka kwenye rola sasa hivi, lipi limekwisha kupoa mezani na lipi limelala rafuni tangu jana.

Kuna siku sheria yake ilimtia aibu. Mkanda wa rola ulilegea, kila shuka likawa linatoka limejipinda, na fundi yuko mbali.

"Yapitishe tu, Mama Pembe," wenzake wakamsihi. "Nani analalia pembe?"

Akakaza shingo. Basi mashuka yakarundikana mezani, vitini, sakafuni, yakafika hadi kwenye bomba la mvuke. Chumba kikajaa fukuto na ukungu. Mkaushaji wa chumba cha pili alipofungua mlango akaona weupe umetanda, hakuuliza, alivuta kengele ya moto. Zimamoto wakaja na mpira wao. Hapakuwa na moto hata wa kuwashia sigara, lakini maji yalipigwa kila pembe, na nguo zote safi zikalowa tope. Meneja alisimama katikati ya dimbwi, suruali imepandishwa magotini.

"Moto wenyewe," alisema, "ungetuonea huruma."

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mama Pembe hakucheka. Alikuwa mzito wa kucheka, kwa sababu moyoni mwake alikaa mgeni aliyekuja utotoni na akakataa kuondoka. Mgeni huyo alikuwa wivu.

Alizaliwa wa kwanza. Mama yao naye alikuwa dobi, dobi wa nyumbani, wa pasi ya mkaa na meza moja. Baba yao alifariki wasichana wakiwa bado wadogo. Mama Pembe alimkumbuka miguu tu, imevimba, imewekwa juu ya mto. Wakabaki watatu, na katika hao watatu mmoja alikuwa na homa.

Mdogo wake walimwita Makaa, maana homa ikimpanda ukimgusa unarudisha mkono. Iliingia bila hodi, ikakaa wiki, wakati mwingine mbili, kisha ikaondoka bila kwaheri. Ilikuja na tumbo la kusokota. Kope zilivimba, na wekundu ulitembea mkononi kutoka begani kwenda kiwikoni, kama kitu kilichopotea kinachotafuta njia. Zahanati walimtoboa kidole mpaka wakachoka: malaria hakuna, taifodi hakuna. Majirani, ambao hawahitaji maabara, wakaipa jina. Homa ya deko, walisema.

Mama peke yake aliiamini kila mara. Homa ya Makaa ikiingia ndani, pasi ilitua. Mama alikaa kitandani, akamenya chungwa, akamlisha mtoto pande kwa pande, na mkono wake wa kushoto haukutoka kwenye lile paji la uso. Nguo za watu je?

"Malizia hizo, mwanangu," alimwambia mkubwa bila kugeuka. "Wewe si mzima?"

Mzima. Watoto wengine walisifiwa kwa sauti nzuri au kwa akili. Yeye sifa yake ilikuwa kutougua, na malipo yake mashati ya watu wengine. Na homa ile ilikuwa na jicho la kuchagua siku! Jina la dada mkubwa liliposomwa shuleni mbele ya wazazi, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Siku ya harusi yake mama aliondoka kabla ya picha, kwa sababu Makaa alikuwa ametapika mlangoni. Hata leo, ukiiangalia ile picha ukutani, utaona wakwe wamejaa upande mmoja, na upande wa pili shangazi mmoja na ua la plastiki.

Alipokuwa na miaka tisa hivi, alichukua mashati mawili yaliyotoka kwenye pasi muda uleule, akajilaza, akaweka moja kifuani na jingine usoni, akajifunika gubigubi. Yalipoanza kupoa aliyahamishia shavuni, akaita kwa sauti ya mtu anayekata roho. Mama akaja. Akamgusa, akashtuka, akavuta shuka, na mashati yakaanguka chini.

Mama akaangua kicheko. "Mashati ya watu unayapa homa! Hebu inuka huko." Akayaokota, akayarudisha mezani, na yeye mwenyewe akarudi upande wa pili wa chumba, kwa Makaa.

Msichana aliinuka na elimu moja ambayo hakuiacha tena, kwamba joto la mwili linaweza kutengenezwa. Aliyewahi kuiba kuku hulala akihesabu wake. Tangu hapo, kila homa ya Makaa aliitafutia shati lake, na kwa kuwa hakuliona, alimwona mdogo wake kuwa hodari zaidi.

Miaka ikapita. Mama Pembe akapata mume, dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani wiki moja na barabarani tatu. Akapata na binti mmoja mwenye alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti. Makaa hakuolewa. Alikodi chumba mtaa wa pili, akawa anashona mapazia, homa ikimruhusu. Na Kidoti, basi tu Mungu ana mzaha wake, alimpenda mama yake mdogo kupita kiasi. Likizo ikifika alikuwa mtaa wa pili. Akirudi ilikuwa mama mdogo kasema hivi, mama mdogo anacheka vile.

"Hamia huko kabisa," Mama Pembe alimwambia siku moja, "mimi nitakuja kutembea."

"Kweli, mama?" mtoto akauliza, macho yamemtoka kwa furaha.

Hilo lilimchoma kuliko pasi.

Kisha Makaa akapona. Daktari mmoja wa hospitali kubwa, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameuliza habari za ukoo mzima, akachukua damu, akaipeleka kupimwa mbali. Majibu yaliporudi, homa ya deko ilikuwa na jina lake la kitabibu. Ilikuwa homa ya kurithi. Ikapatikana na dawa ya sindano. Makaa akanenepa, akachanua, akapaka rangi chumba chake, na ukoo mzima ukashika simu kumpongeza. Mama Pembe alisikia sifa hizo kama mtu anayesikia harusi ya jirani kupitia ukuta. Aliyeugua alisifiwa kwa kuugua, na sasa alisifiwa kwa kupona. Na yule ambaye hakuugua hata siku moja?

Makaa alimjia kiwandani, wakasimama kwenye geti.

"Dada, daktari anataka damu yako. Na ya Kidoti. Hili jambo linatembea katika familia."

"Kwangu halijatembea. Lilifika kwako likaona kuna kiti kizuri, likakaa."

"Dada..."

"Nina mashuka yananingoja. Watu wazima tunafanya kazi."

Makaa alimtazama tu kwa yale macho yake makubwa, na Mama Pembe akayachukia kwa kuwa hayakuwa na hasira.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kidoti alikuwa ameanza. Mara ya kwanza ilikuwa homa ya siku kadhaa na tumbo. Vipimo havikuona kitu. Mara ya pili kope zikavimba. Mama Pembe alisimama mlangoni, akamtazama mtoto akigeukageuka kitandani, na badala ya huruma akahisi kidonda chake cha zamani kinafunguka. Kumbe mama mdogo amekufundisha na hili! Akaenda moja kwa moja, akavuta shuka vilevile mama yake alivyolivuta lile la kwake. Chini yake, Kidoti alikuwa amekumbatia chupa ya maji ya moto tumboni.

Alikuwa ameliona shati.

"Inuka," alisema.

"Tumbo linaniuma, mama. Joto linalituliza."

"Hiyo nimeicheza mimi kabla hujazaliwa. Inuka uvae."

Shule zilikuwa zimefungwa, na hakutaka mtoto aende kudekezwa mtaa wa pili. Akaenda naye kiwandani. Njia nzima Kidoti alitembea nyuma yake akiburuta kandambili, na Mama Pembe hakugeuka.

Asubuhi hiyo rola ilikuwa haijawashwa. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anafunga mkanda mpya. Chumba kilikuwa na ubaridi wa sakafu ya saruji. Mama Pembe akatandika kona, akavuta kutoka rafu ya chini shuka la akiba lililokaa tangu wiki iliyopita, baridi kama kaburi, akamtupia mtoto.

"Lala hapo. Hapa hamna chupa."

Akaendelea kuhesabu foronya. Wenzake wakamtazama mtoto, wakatazamana.

"Mama Pembe, huyu binti mbona anatetemeka?"

"Anatetemekea mama yake mdogo."

Hakuna aliyecheka. Baada ya muda kidogo Mama Pembe akainuka kwenda kumwamsha, maana fundi alihitaji kona ile apitishe ngazi. Kidoti alikuwa amesinzia, mdomo wazi. Mama Pembe akalivuta lile shuka, akaanza kulikunja kwa mazoea tu, pembe kwa pembe. Kiganja chake kikasimama.

Shuka lilikuwa la moto.

Akageuka kutazama rola. Ilikuwa kimya, tumbo lake wazi, fundi anapiga miluzi. Akagusa mashuka mengine ya rafu ileile, yalikuwa baridi. Akalirudia lile la mkononi. Joto lilikuwa katikati, mahali mtoto alipolala, likipungua kuelekea pembeni. Maisha yake yote alijua kwamba nguo humpa mtu joto. Hii ilikuwa imelipokea.

Alipiga magoti, akaweka mkono kwenye paji la uso la binti yake, akaurudisha kama watu walivyourudisha kwa Makaa. Wekundu ulikuwa umetoka begani, unashuka.

"Mwanangu," alisema. "Mama yangu." Mkunjaji mmoja akamletea simu yake mwenyewe.

Namba aliyohitaji aliijua kwa moyo, na kuipiga kulimgharimu kuliko kazi yoyote ya mwezi ule.

"Makaa. Mimi dada yako."

"Kuna nini?"

"Mtoto. Ana homa zako."

Makaa hakusema nilikwambia. Alisema, "Njoo naye hospitali kubwa, mlango wa nyuma, nakuja sasa hivi," na akakata.

Wivu haujui adabu ya hospitali. Mama Pembe alimbeba mtoto mgongoni akiwa na hofu ya kweli kifuani, na bado alipofika akaona jinsi mlinzi anavyomsalimia Makaa kwa mzaha, jinsi muuguzi anavyomwita "mgonjwa wetu," jinsi mdogo wake anavyojua mlango upi unafunguka kwa kusukuma na upi kwa kuvuta. Akawaza, hata ugonjwa wa mwanangu amenitangulia kuujua. Kidoti alipolazwa alifumbua jicho moja, akaulizia mkono wa mama mdogo. Mama Pembe akasogea pembeni kuwapisha.

Damu zikachukuliwa, ya mtoto na ya kwake. Zilipita wiki kadhaa za kungoja, homa ikashuka kwa dawa za muda, ndipo daktari wa miwani ya kamba alipowaita wote ofisini, na mama yao pia, bibi yake Kidoti, mkongojo mapajani.

Daktari alieleza polepole. Ndani ya kila seli, alisema, kuna chumba ambamo protini hukunjwa. Protini huanza kama uzi mrefu. Lazima ikunjwe sawasawa ndipo iruhusiwe kutoka na kupelekwa ukutani mwa seli kufanya kazi yake. Katika ukoo huu, maelekezo ya kukunja protini mojawapo yana kosa dogo la kuzaliwa. Inajipinda. Na seli haitoi kilichojipinda.

"Inakirudisha ndani," Mama Pembe alisema.

"Ndiyo. Kinarundikana. Chumba kinaelemewa, seli inakuwa na wasiwasi, na ikishakuwa na wasiwasi inahitaji kitu kidogo tu, baridi, uchovu, kujigonga..."

"Mtu avute kengele."

Daktari akamtazama juu ya miwani.

"Na zimamoto wanakuja," Mama Pembe akaendelea, taratibu, anaona dimbwi na suruali ya meneja, "na hakuna moto. Wanamwaga maji kwenye nguo safi."

"Hivyo hasa. Homa, uvimbe, maumivu, vyote ni vya kweli. Kisichokuwepo ni adui. Ndiyo maana vipimo vya vijidudu haviambulii kitu." Akageuza karatasi. "Sindano haitengenezi ukunjaji. Inanyamazisha kengele. Na ni lazima inyamazishwe, kwa sababu kengele ikilia miaka mingi, mwili hutoa mabaki yanayokwenda kutua kwenye figo."

Mama Pembe aliona miguu ya baba yake, imevimba juu ya mto. Hakuthubutu kuuliza.

"Figo za binti ni nzima," daktari akasema. "Mmemleta mapema."

Pumzi iliyomtoka Mama Pembe ilisikika hadi mlangoni.

"Na mimi?" aliuliza, kwa ajili ya kusema kitu.

"Kosa hilo unalo pia. Mama yenu tulimpima, hana; mmelirithi kwa baba, wewe na mdogo wako. Wengine wanalibeba maisha yao yote bila kuugua. Hatujui vizuri kwa nini. Tutakuwa tunakupima."

Makaa akaziba mdomo. Mama Pembe alikaa na habari hiyo mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Kumbe haki ya homa alizaliwa nayo, sawasawa na mdogo wake, na bado ilimbidi aazime mashati. Jambo hilo lilimjia la kuchekesha hata akacheka, kwa sauti, peke yake, na daktari akafikiri ni mshtuko.

Walipotoka, alikaa na mama yake kwenye benchi la korido. Makaa alikwenda na Kidoti kutafuta dirisha la dawa.

"Ulijua," alimwambia mama.

"Nilijua nini, mwanangu? Sikujua jina. Nilijua baba yenu alikuwa na homa zilezile, na kila mtu akasema ni uvivu wa kazi, na mimi nikasema nao. Nilikuwa napiga pasi amelala. Sikumgeukia." Mkongojo ukazunguka mkononi mwake. "Basi ilipomwingia mtoto, niliogopa hata kwenda chooni. Sikukaa pale kwa mapenzi. Nilikaa kwa woga."

"Mimi niliona mapenzi."

"Wewe nilikuangalia kwa mgongo. Nilikuwa nikisikia pasi yako inagonga meza, najua yupo mmoja mzima. Hiyo ndiyo iliyonipa usingizi."

Lilikuwa neno zuri, limechelewa miaka, na halikujaza kile kiti kitupu cha shuleni. Mama Pembe alilichukua hivyo hivyo.

Sindano ya Kidoti, Mama Pembe alijifunza kuichoma mwenyewe. Makaa alijitolea, akakataliwa; jambo hili litakuwa langu, alisema, wewe mfundishe kushona mapazia. Homa za Kidoti zikawa chache, fupi. Nyingine ilikuja mwanzoni, kabla dawa haijashika, na siku hiyo Mama Pembe alimwambia meneja hataingia kazini. Mkunjaji mwenzake akachukua meza yake, na inasemekana siku hiyo yalitoka mashuka ya kila umbo.

Alikaa kitandani. Alimenya chungwa. Chupa ya maji ya moto aliijaza yeye, akaifunga kwa taulo, akamwekea mtoto tumboni. Mkono wake wa kushoto ulikaa kwenye lile paji dogo la moto, na Kidoti, macho yamefumba, akausogeza vizuri zaidi kama mtu anayerekebisha mto wake.

Hapo ndipo wivu ulipomjia kwa mara nyingine, na safari hii haukumlenga Makaa. Alimwonea wivu binti yake mwenyewe. Aliona kitanda, chungwa, mkono, vyote vipo, na anayevipata amelala bila hata kujua ni vitu vya kutamaniwa. Aliona aibu, akainamisha uso. Machozi yakadondoka kwenye foronya aliyoipiga pasi mwenyewe.

Bibi alikuwa ameingia na mkongojo wake. Alisimama nyuma ya binti yake mkubwa, akanyoosha mkono uliojaa makovu ya pasi, akaweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso lake.

"Huna homa," alisema.

"Sina, mama."

"Naona."

Lakini mkono hakuuondoa.